Unga wa Embe Uliosagwa Tottenham

"Fungua kiganja, mwanangu. Onja! Hayo ni maembe ya kwetu hayo!"

Jokha akafungua kiganja. Bi Ummukulthum, mama yake Jaffar, akamdondoshea unga kidogo wa rangi ya kahawia. Jokha akaugusa kwa ncha ya ulimi. Maembe? Unga ule kausaga yeye mwenyewe.

"Umeusikia uchachu wake?"

"Nimeusikia, mama."

Akamtupia jicho Jaffar. Jaffar akageukia birika kana kwamba hajapata kuona birika maishani mwake.

Bi Ummukulthum, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kampala, alifika Landani na mwanawe walipofukuzwa Uganda. Tangu hapo kila akila haoni ladha, kwa kukosa unga wa embe mbichi wa kutia kwenye viazi. Jaffar akapata kazi ya ukondakta wa basi, na huko kwenye depo akampenda Jokha, msichana wa Kizanzibari mfagiaji, mtu wa kutazama kuliko kusema. Ni Jokha aliyeyaona sokoni yale matufaha ya kijani ya kupikia, makali yanakunja uso. Akayakata membamba, akayatunga uzi kama shanga, akayaanika juu ya hita mpaka yakakauka kau. Akayatwanga, akayachekecha, akatia chembe ya chumvi.

Jaffar alipoonja aliruka. "Nampelekea mama! Nitamwambia, aliyesaga ndiye ninayemtaka."

Leo Jokha kaja kujulishwa kwa mama. Kumbe!

"Kasaga Mardhiya, yule binti wa jamaa zetu wanaokaa Barking," Bi Ummukulthum akaendelea, uso umemnawiri. "Na kwetu, msichana akimsagia viungo mama wa kijana, keshakubali posa. Jana nimepeleka pete."

"Pete?" Jokha akauliza.

"Nilipompigia simu kumshukuru, alinyamaza kidogo, kisha akasema, 'Kula kwa afya, mama.' Ana adabu huyo! Haya, wewe mwenzake Jaffar wa kazini, utanisaidia kumenya viazi?"

Mwenzake wa kazini. Jokha akatoka jikoni hadi ukumbini, Jaffar nyuma yake.

"Jokha, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Sema."

"Mama aliniuliza ghafla, nani kasaga? Jina lako likanikwama. Wewe si wa jamaa zetu, unajua mambo ya wazee. Likanitoka la Mardhiya. Sikujua atapeleka pete!"

"Pete imekwenda jana. Jana hiyo ulikuwa wapi?"

"Nitamwambia kesho. Wallahi kesho."

"Mama yuko hapo jikoni, Jaffar. Si safari."

Simu ikalia. Bi Ummukulthum akaja mbio akifuta mikono, akainyakua.

"Halo? Mardhiya, mkwe wangu! ... Nini? ... Rudia!"

Akashika ukuta.

"Hukusaga? ... Mama yako alikukanyaga mguu unyamaze? ... Ya Rabi! ... Haya, mwanangu. Afadhali umesema."

Akaweka simu. Mvuke wa birika ukatoka jikoni bila mtu kulizima.

"Jaffar. Nani kasaga unga huu?"

Jokha akamtazama Jaffar. Hakumkonyeza, hakukohoa. Alimsubiri tu. Jaffar akageuzia uso ukutani.

"Nilinunua, mama. Dukani."

Jokha akaenda palipotundikwa koti lake.

"Duka gani? Mimi nimezunguka mji huu mpaka visigino vimepasuka!"

Yule mama akageuka, akamwona Jokha keshachukua koti lake.

"Na wewe, binti? Umenyamaza sana."

"Si maembe, mama. Ni matufaha. Makali, ya kupikia. Yakate membamba, yaanike juu ya hita bila kuyaharakisha, kisha yatwange."

Bi Ummukulthum akakaa chini kwenye ngazi, pu!

"Matufaha? Nimelilia Kampala kwa matufaha ya Kiingereza? Nimepeleka pete kwa matufaha?" Akacheka, cheko likamgeukia kilio. Halafu akamwinulia Jokha macho taratibu. "Mwenzake wa kazini, eti. Huyu unamtaka?"

"Nilikuwa namtaka, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipotaja duka."

Mama mtu akamgeukia mwanawe. "Mimi ningegomba, Jaffar. Ningegomba wiki nzima, kisha ningemzoea! Ulikuwa unaogopa nini?"

Jokha akafunga vifungo vya koti, akafungua mlango. Baridi ikaingia. Jaffar akamkimbilia, macho mekundu, akamshika ukosi.

"Jokha, ngoja! Nitasema! Sasa hivi nitasema!"

Jokha akautoa ule mkono, kidole kimoja kimoja.

"Utamwambia nani, Jaffar? Wote tumeshajua."