Kutu Kwenye Maharage ya Mama Wasiwasi

Maneno ya bombani yalimganda Mama Wasiwasi kama kupe: mjamzito akila maharage ya shamba lenye kutu, ule ugonjwa wa majani, mtoto huzaliwa na mabaka. Binti yake alikuwa mjamzito. Na shambani kwao majani yalijaa madoa ya kahawia.

Basi akamkataza binti kula maharage. Binti akashindia uji mtupu, kizunguzungu kikaanza kumshika.

"Mama, unanilinda au unaniua kwa njaa?"

"Nyamaza. Hujui uchungu wa mwana, utaujua."

Asubuhi moja akabeba jembe akang'oe yote. Bibi shamba, mshauri wa wakulima, akamkuta kwenye tuta la kwanza.

"Shoga, shamba limekukosea nini?"

Mama akamwaga ya moyoni. Bibi shamba hakucheka. Akachuma jani, akalipangusa. Vumbi la kahawia likabaki kidoleni.

"Hiki ndicho kimelea cha kutu. Ndani yake mna vinasaba, yaani maagizo ya kurithi, kama mtoto anavyorithi pua ya babake. Maagizo hayo yanakiwezesha kuingia kwenye mharage. Kwa binadamu hakina mlango."

"Mbona zamani mbegu hii haikuugua? Ni ya mama mkwe. Tangu niolewe hatujapanda nyingine."

"Ndiyo kasoro yenyewe. Mharage nao una vinasaba vyake. Unakitambua kimelea kama mlinzi anayemjua mwizi kwa koti. Lakini vimelea huzaana kwa wingi, na vinasaba hubadilika. Siku moja kimoja huja bila koti. Na walinzi wako wote ni tumbo moja! Kikimpita mmoja, kimewapita wote."

Mama akaweka jembe chini. "Kumbe nilikuwa nang'oa chakula cha mwanangu."

Siku hiyo binti alikula maharage, akaongeza. Msimu uliofuata wakapanda mbegu za aina mbalimbali, zinazostahimili kutu. Mama mkwe akanuna.

"Mbegu yangu imekosa nini?"

"Imekosa wenzake, mama."

Madoa yalionekana, lakini machache. Maharage yakajaa debe. Mjukuu alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Nawe jihadhari:

Usipande aina moja tu ya mbegu mwaka hadi mwaka.
Usiache masalia yenye kutu shambani.
Usipite kwenye maharage yakiwa na umande, utaeneza ugonjwa.
Usile maharage yaliyoota ukungu ghalani. Hayo yanaweza kuwa na sumu.
Usimnyime mjamzito chakula kwa uvumi. Muulize kwanza mhudumu wa afya.