Nilimfunga Mwanangu Jicho Silo

Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, kama marehemu mama alihesabu sawasawa. Kuandika nimejifunzia elimu ya watu wazima, kwa hiyo wasomaji wenzangu mtanisamehe nikizunguka. Jambo hili nimelibeba mno... leo nalitua.

Nilikuwa fundi cherehani Kariakoo, nashona barazani. Mke wangu Somoe, tuliyetoka naye Lindi, alifanya kazi kiwanda cha nguo. Alikuwa na kicheko huyo, utakisikia mtaa wa pili! Basi. Tulikuwa na binti mmoja, Zuhura, miaka mitano, jicho la kushoto lina makengeza.

Somoe akampeleka kwa daktari wa macho ya watoto. Akarudi na kitambaa chenye kamba. Tumfunge jicho la kulia, lile zima, mchana kutwa, ili la kushoto lijifunze kazi, lisitegee. Kufunga jicho zima! Nikaona daktari huyu ana lake.

Asubuhi Somoe alimfunga, akaenda zamu. Mtoto akabaki nami. Na miaka ile mnaikumbuka, sukari ni foleni. Unapanga kikapu chako mbele ya duka la ushirika, mtoto analinda, wewe unashona. Chetu kilikuwa cha ukili, mkono mwekundu, niliushona kwa mabaki ya... haya, tuendelee.

Siku moja Zuhura akalinda kikapu cha watu. Chetu kikasukumwa nje ya mstari. Mama mmoja akapaza sauti, "Fundi! Njoo umchukue chongo wako, analinda mali ya wenzie!" Foleni nzima ikacheka. Sukari tukakosa.

Aibu ilinishika... Kesho yake, Somoe alipopinda kona tu, nikakihamishia kitambaa jicho la kushoto. Zuhura akaruka, "Baba, naona!" Nikamwambia, "Hii siri yetu. Mama asijue." Jioni nikakirudisha. Nikafanya hivyo kesho, na keshokutwa, hadi miaka miwili!

Kliniki daktari alikuwa akishangaa. "Mama Zuhura, mnamfunga kweli?"

"Kila siku, daktari, haki ya Mungu."

Mimi nimekaa pale nazungusha kofia mikononi. Kwa nini sikufungua mdomo? Mwishowe daktari akasema umri unapita, jicho lile halijifunzi. Somoe alilia tangu kliniki hadi tunavuka Mnazi Mmoja, akidhani alikuwa anafunga kwa kulegeza. Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Nilimsingizia Mungu! Somoe amekufa hajui.

Zuhura akakua, nikamfundisha cherehani. Siku moja anashona kaki ngumu, sindano ikakatika, kipande kikaruka kikamwingia jicho la kulia. Lile zima! Madaktari walihangaika, halikupona. Akabaki na la kushoto, linaloona vivuli tu.

Nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikasema yote. Akasema, "Baba, mbona nakumbuka. Siku zote nakumbuka."

"Sasa hukumwambia mama yako kwa nini?"

"Si ulisema siri yetu?"

Jamani! Wazazi wenzangu, mtoto akilia kwa sababu ya kitambaa, mwacheni alie. Usipoelewa, rudi ukamuulize daktari, hata mara kumi. Msicheke na macho ya mtoto kwa ajili ya maneno ya foleni.

Hadi leo chai nanywa bila sukari. Zuhura anadhani nimekatazwa na daktari.