Bango la Saadia Lisilochapwa

"Kwani huyu Saadia alipatikana?" Fahmo, msichana wa kuchapa mabango, aliuliza akiwa kwenye kompyuta. Mama Dahabo, mwenye duka la mabango, alikuwa mlangoni akibishana na mteja.

Bango la Saadia lilikuwa bado kwenye kompyuta. Halijachapwa. Kisa na maana? Babake ni mchunga mifugo wa kule Merti, hana mtu wa kumsemea, na wateja wa mjini ndio huhudumiwa kwanza. Mtoto wa watu amepotea kando ya mto Ewaso Nyiro, bango lake linangoja foleni!

Fahmo naye alikuwa na haraka zake. Mdogo wake, Hoda, anaolewa Ijumaa. Herufi za bango lile zilimpendeza, basi akainakili leya ya maandishi, ile inayoelea juu ya picha na bado inaharirika, akaibandika nzima juu ya picha ya Hoda. Akafuta "Anatafutwa Saadia". Akaandika "Karibuni harusi ya Hoda".

Pakanuka matope mabichi. Isiolo haikuwa imeona mvua kitambo.

Akabonyeza kuchapa. Printa ikatema karatasi: ANATAFUTWA HODA.

"Wallahi si mimi," akanong'ona.

Akafuta. Herufi zikarudi moja moja, hakuna kidole kwenye kibodi: Alionekana mara ya mwisho mlangoni kwao, amevaa dera la manjano.

Akampigia simu. "Hoda, umevaa nini?"

"Dera langu la manjano. Kwani bibi harusi ni wewe ama ni mimi?" Hoda akacheka. "Dada, kuna msichana hapa mlangoni, ameloa chapachapa. Anasema mnajuana."

Mama Dahabo alikuwa amesimama nyuma ya Fahmo, akisoma kioo cha kompyuta. "Umechukua maneno ya Saadia," akasema kwa sauti ya chini. "Mrudishie, mwanangu. Haraka!" Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, aya ya kinga.

Fahmo akafungua bango la Saadia huku harufu ya matope ikizidi kujaa dukani, akakuta picha haina msichana tena, ni ukingo wa mto tu na maji, na kila alipoirudisha leya pale ilihama yenyewe ikatua usoni mwa Hoda, akanakili tena, akabandika tena, Mama Dahabo akisoma kwa sauti inayokatikakatika, na chini ya jina la mdogo wake maneno yakazidi kujiandika: Simu yake haipatikani.

Simu ilikuwa bado sikioni. Ndani yake maji yalikuwa yakitiririka.

"Hoda, mdogo wangu, nakuomba, usikate simu."