Ombi la Maneno Mia Mbili na Hamsini

Kabla hapajapambazuka nilisikia karatasi ikichanwa. Ilichanwa polepole sana, kama vile anayeichana hataki kuamsha mtu. Nilijua ni binti yangu. Hata akiwa na hasira, yeye hukumbuka kwamba wengine wamelala.

Nilijitupia shuka mabegani, nikaenda sebuleni. Alikuwa mezani, tayari amevaa sare ya kazi. Chai ilikuwa imepoa mbele yake. Chini ya kiti kulikuwa na vipande vya karatasi tatu.

"Shikamoo, mama. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Hujaniamsha, uzee ndio ulioniamsha. Unaandika nini?"

"Lile ombi la mkutano. Mwisho wa kupeleka ni kesho kutwa, Ijumaa, saa kumi jioni."

Binti yangu ni mhudumu katika kituo cha kutunza wazee. Huwalisha, huwavisha, huwaogesha. Kila mwaka watu wa kazi hiyo hukutana: madaktari, wauguzi, wahudumu na wakuu wa vituo. Anayetaka kuongoza kipindi kwenye mkutano hujaza fomu na kueleza atafundisha nini. Kamati husoma fomu zote na kuchagua chache. Mwaka jana binti yangu alipeleka ombi lake. Likakataliwa.

"Mwaka huu wakikataa tena, basi," alisema. "Sitaandika tena."

"Usipoandika, nani atawaambia wengine habari ya kuoga?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Habari yenyewe ni hii. Pale kituoni kuna mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fundi cherehani. Ana ugonjwa wa kusahau. Alihamia pale kutoka kituo kingine, na alipofika alikuwa na alama za vidole mikononi. Kule alikuwa akikataa kuoga, kwa hiyo watu wawili walimshika na wa tatu akammwagia maji. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua njia nyingine.

Binti yangu alimwangalia mzee yule wiki nzima. Akagundua kwamba hachukii maji. Anachoogopa ni maji yanayomjia kichwani bila taarifa. Basi akaanza kumwogesha kuanzia miguuni, mabega yamefunikwa taulo. Alimwambia kila hatua kabla ya kuifanya. Kopo alimpa mwenyewe alishike. Siku ya tano mzee alioga akipiga mluzi.

"Lakini kwingine bado wanashikwa mikono, mama," aliniambia. "Leo hii, saa hii."

Mkwe wangu, ambaye ni seremala, alitoka chumbani akipiga miayo. Akaichukua karatasi moja iliyobaki nzima, akaisoma kwa sauti.

"'Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kubwa kuwasalimu wajumbe wote wa kamati. Aidha, napenda kumshukuru mkuu wa kituo, msaidizi wake, mhasibu wetu...'" Akatua. "Mke wangu, mbona umemsahau paka wa jikoni?"

"Hebu nenda kanawe uso," alisema binti yangu. Lakini alicheka, na mabega yake yakashuka. Mkwe wangu alijua anachofanya.

"Jioni twende kwa Bi Miwani," nikasema.

Bi Miwani ni jirani yetu. Alifundisha wauguzi hadi alipostaafu. Watu humwita hivyo kwa sababu ana miwani ya kusomea na miwani ya kutembelea, na kila siku anaitafuta mojawapo.

"Mama, yule ni mwalimu. Niende nikamwonyeshe makosa yangu?"

"Kwani kazi ya mwalimu ni nini?"

Jioni tulikwenda. Bi Miwani alinipa kiti chenye mto bila kuuliza. Alikuwa anakumbuka mgongo wangu. Kisha akasoma ombi la binti yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakucheka. Akachukua penseli, akaanza kuhesabu.

"Wamekuruhusu maneno mangapi?"

"Mia mbili na hamsini."

"Umetumia tisini na nne kusalimia na kushukuru. Mzee mwenyewe anatokea mstari wa kumi. Mwanangu, nimekaa kwenye kamati hiyo miaka sita. Tulikuwa tunasoma maombi mia mbili kwa siku mbili. Salamu ni nzuri kwenye barua, lakini hii si barua. Hapa, kumheshimu msomaji ni kutompotezea muda."

"Nisipomshukuru mkuu wa kituo, si nitaonekana sina adabu?"

"Utamshukuru ukumbini, kwa mdomo wako. Sasa weka karatasi chini. Niambie kama unavyomwambia mama yako. Shida ilikuwa nini?"

Binti yangu akaeleza. Mwanzoni alisitasita, kisha maneno yakaja yenyewe. Bi Miwani alikuwa akiandika huku anasikiliza. Mwishowe akasoma alichoandika.

"'Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akikataa kuoga, mara nyingi tunamlazimisha. Yeye anaumia, na sisi tunaumia.' Ni maneno yako haya. Huo ndio mstari wako wa kwanza. Kila mhudumu anaijua shida hiyo. Akiusoma, atataka kuujua wa pili."

Binti yangu aliitazama karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

"Halafu hapa umeandika kwamba kituo kilibuni njia bora. Nani aliyeanza na miguu?"

"Mimi," alisema, akiangalia sakafu.

"Basi andika 'nilianza'."

"Watasema najisifu."

"Kujisifu ni kutia chumvi. Wewe unasema ulichofanya, ili wajue wa kumuuliza ni nani. Una ushahidi gani?"

Binti yangu akatoa daftari kwenye mkoba. Kila siku alikuwa ameandika wangapi wameoga kwa hiari na wangapi wamekataa.

"Wazee ni kumi na wanne," alisema. "Tisa walikuwa wanakataa. Baada ya miezi mitatu wamebaki wawili."

"Na hao wawili?"

"Bado. Sijui kwa nini."

"Na hilo liandike. Kamati humwamini mtu anayekubali kwamba hajui kila kitu. Mwaka jana, pale wanapouliza washiriki watapata nini, uliandika nini?"

"'Wataelewa umuhimu wa usafi kwa wazee.'"

"Huo wanaujua tangu utoto wao. Andika watakachoweza kufanya wakirudi kazini Jumatatu."

Binti yangu akafikiri. "Wataweza kumwogesha mzee kwa hatua tano, kuanzia miguuni. Na wataweza kutambua dalili za hofu kabla mzee hajapiga kelele."

"Mambo mawili. Kwa saa moja yanatosha. Na hiyo saa utaitumiaje?"

"Nitazungumza."

"Saa nzima?"

"Ndiyo."

"Watalala."

Bi Miwani akainuka, akaenda nyuma, akarudi na beseni na kopo la maji. Bila kusema neno akanimwagia maji mkononi. Nilishtuka hadi shuka niliyojitanda ikaanguka.

"Samahani sana, dada," aliniambia. "Umejisikiaje?"

"Kama nimepigwa kofi."

"Na huo ni mkono tu." Akampa binti yangu kopo. "Sasa fanya wewe."

Binti yangu akapiga magoti mbele yangu. Akanifunika mabega. "Mama, nashika mguu wako wa kulia. Maji ni vuguvugu. Kopo hili hapa, lishike. Mimina ukiwa tayari."

Nikamimina mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na hakuwa na haraka yoyote. Mimi ndiye niliyemwogesha huyu alipokuwa mchanga. Nilitazama utosi wake, nikatamani watu wote wamwone.

"Hicho ndicho kipindi chako," alisema Bi Miwani. "Dakika kumi eleza shida na ulichofanya. Dakika thelathini wakae wawili wawili na mabeseni, waoshane miguu. Kwanza vibaya, kisha vizuri. Zinazobaki ni za maswali. Andika hivyo hivyo kwenye fomu, ili kamati ione umejipanga."

Kabla hatujaondoka alimwambia mambo mengine. Jina la mzee lisiandikwe mahali popote. Ruhusa iombwe kwa familia yake na kwa mkuu wa kituo. Na mada ya mkutano mwaka huu ilikuwa heshima katika uzee, kwa hiyo ombi lionyeshe wazi kwamba kumpa mzee kopo alishike mwenyewe ni kumheshimu.

Alhamisi binti yangu alimpelekea mkuu wa kituo ukurasa mpya. Mkuu akausoma hadi mwisho.

"Jina langu limekwenda wapi?" akauliza.

"Linakusubiri ukumbini, mkuu," alisema binti yangu.

Mkuu akacheka, akatia sahihi. Tena yeye mwenyewe alimpigia simu mtoto wa yule fundi cherehani kuomba ruhusa, na ikapatikana.

Kichwa cha ombi nacho kilibadilika. Cha mwaka jana kilikuwa "Usafi wa Wazee: Changamoto na Mafanikio". Kipya kilikuwa "Kuanzia Miguuni: Jinsi ya Kumwogesha Mzee Anayekataa Maji". Mtu akikisoma anajua anakwenda kujifunza nini.

Ijumaa saa nne asubuhi ombi likatumwa. Lilikuwa na maneno mia mbili na arobaini na moja. Hatukungoja jioni. Bi Miwani alisema jioni mtandao hujaa waliochelewa.

Wiki sita zikapita. Siku jibu lilipokuja, mkwe wangu ndiye aliyelisoma kwenye simu. "Ombi lako limekubaliwa." Akalisoma mara ya pili. Siku hiyo hakufanya mzaha wowote. Alikwenda kwenye karakana yake, akatengeneza vigoda ishirini vya kuwekea miguu.

Kwenye mkutano chumba kilijaa. Niliona daktari mwenye tai akikunja suruali hadi magotini, na mhudumu kijana akimwambia, "Daktari, nashika mguu wako wa kushoto sasa." Daktari akatulia kama mtoto. Binti yangu alipita kati ya viti, akirekebisha mkono wa huyu, akimsifu yule. Kabla ya hapo alikuwa amemshukuru mkuu wake mbele ya watu wote.

Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Unamfahamu huyu mwalimu?"

"Kidogo," nikasema. Kisha nikashindwa kujizuia. "Ni wangu. Nimemzaa mimi."

Kipindi kilipokwisha, wakuu wa vituo vinne walimwomba afike kwao. Cha kwanza kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa basi. Nilikwenda naye. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kwa siku kumi alikuwa hajamruhusu mtu yeyote amguse kwa maji. Mimi nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa bafu. Nilisikia sauti ya binti yangu. Kisha nikasikia sauti ya mhudumu wa pale ikirudia maneno yale yale: sasa nashika mguu wako. Baadaye nikasikia maji yakimiminwa taratibu, na hakuna aliyelia.

Bibi alipotoka alikuwa amechanwa nywele na kuvishwa gauni safi. Alimshika binti yangu mkono.

"Wewe unakaa hapa?"

"Hapana, bibi. Mimi ni mgeni."

Bibi akamwonyesha mhudumu wa pale kwa kidole. "Huyu wetu ana mikono ya baridi. Lakini anajifunza." Akafikiri kidogo, bado ameushika ule mkono. "Wewe uje tena. Uje Jumatatu."