Nazi Zilizonunuliwa Jioni

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, Rukaiya alimsaidia mama yake kupanga nazi katika soko dogo lililokuwa kando ya Barabara ya Kilwa, kule Mbagala. Alikuwa darasa la sita, na darasa lao liliingia zamu ya mchana. Alifagia mahali pao, akatandaza magunia, kisha akapanga nazi mafungu mafungu. Mama yake, Bi Salma, alizitikisa moja moja sikioni ili kusikia kama zina maji ya kutosha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Kila mwenye mtaji, hata wa kushika kiganjani, alifungua biashara. Nazi zililetwa na lori kutoka Rufiji na Mkuranga. Lori likifika, bei ilishuka. Likikwama kwenye tope, bei ilipanda. Wauzaji walikaa tu wakitazama barabara, kwa sababu hakuna aliyejua mapema kama siku hiyo lori lingefika.

Hakuna, isipokuwa Avelina.

Avelina alisoma darasa moja na Rukaiya, na mama yake aliuza nazi upande wa pili wa soko. Kaka yake, aliporudi kwao Masasi, alimwachia baiskeli kubwa ya kiume. Avelina hakuweza kukaa juu ya kiti chake, kwa hiyo alipitisha mguu mmoja katikati ya vyuma na kukanyaga pedeli huku amejipinda kama ndoano. Alfajiri alikwenda hivyo hivyo mpaka Kongowe, akawauliza madereva waliotoka kusini, kisha akarudi mbio. Watoto walimwita Redio Kongowe.

Siku moja ya masika aliingia sokoni akihema, miguu imejaa tope jekundu. Alimnong'oneza mama yake. Mara Mama Avelina akaja kwa Bi Salma, anatabasamu.

"Mama Rukaiya, za asubuhi? Hizo nazi zako zilizobaki, naomba zote. Bei ya jana."

"Zote? Una shughuli, shoga?"

"Nina wateja tu."

Bi Salma aliuza. Majirani wawili nao wakauza. Jua lilipopanda, utingo mmoja alipita akapiga kelele kwamba lori la nazi limezama kwenye tope huko Mkuranga, na leo wasilitarajie. Soko zima likageuka kumtazama Mama Avelina, aliyekuwa ameketi nyuma ya nazi zake kama bibi harusi. Bei ilikuwa imekwisha panda.

"Wametuibia!" Rukaiya alisema. "Mama, nenda ukazidai!"

"Nimeuza kwa hiari yangu. Kanishika mkono?"

"Lakini yeye alijua, na wewe hukujua!"

"Basi na sie tungejua. Barabara ile ni ya Mama Avelina?" Bi Salma alikung'uta gunia tupu. Ingawa alisema hivyo, uso wake haukuwa na furaha.

Tangu siku hiyo Rukaiya hakuwa na raha. Avelina alipokuja shuleni na viatu vipya, Rukaiya aliona ni viatu vya nazi za mama yake. Mwalimu alipomsifu Avelina kwa kuwahi, Rukaiya alibetua midomo. Aliuonea wivu hata ule mchanga uliokauka kwenye visigino vya mwenzake, kwa kuwa ulitoka Kongowe. Aliona kijicho hata kwa lile jina la utani. Yeye hakuna aliyewahi kumwita redio ya mahali popote.

"Ungekuja siku moja twende pamoja," Avelina alimwambia wakati wa mapumziko. "Mie nakupakia mpaka kule kilimani, halafu tunasukuma."

"Mie si mchukuzi," Rukaiya akajibu, akaondoka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Rukaiya alipokuwa anatoka shuleni, aliitwa na Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa mpishi wa harusi aliyejulikana Mbagala nzima kwa wali wake wa nazi. Desturi yake ilikuwa moja: hakwenda sokoni mwenyewe kununua nazi. Wauzaji wakimwona tu walijua kuna harusi, na bei ikaruka. Alimtuma Bi Salma amnunulie kimya kimya, na kwa kazi hiyo alimpa ujira wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako nina harusi Jumamosi. Nataka nazi nyingi, kama zile za Maulidi. Aanze kukusanya leo hii hii kabla soko halijafungwa. Kesho asubuhi nitampelekea pesa. Na neno hili liishie kwake."

"Ndiyo, bibi."

Rukaiya aliondoka mbio. Lakini njiani miguu ikapunguza mwendo. Lori halikuwa limekuja tangu juzi, na nazi sokoni zilikuwa chache. Kesho mtu fulani angezitaka kwa wingi, na katika soko lote aliyejua hayo alikuwa yeye peke yake. Si Avelina. Si baiskeli yake. Yeye, Rukaiya!

Badala ya kwenda kwa mama yake, alikwenda nyumbani, akavunja kibubu alichowekea pesa za Idd, akarudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Mzee Kondo, mwenyekiti wa soko, alikuwa anafunga. Rundo lake la nazi ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

"Shikamoo, babu. Naomba nazi zako zote."

"Marahaba. Zote? Mama yako kakutuma?"

"Ndiyo."

"Pesa hii haitoshi, lakini chukua tu. Jina la mama yako latosha. Nyingine utaniletea kesho."

Alizibeba kwa toroli mpaka kwenye banda bovu la kuku nyuma ya nyumba yao, akazifunika kwa makuti. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kesho mama angekosa nazi. Hapo yeye angesema, "Mama, kuna mwanamke kule Rangi Tatu anazo, ila anauza ghali. Nipe pesa niende." Angerudi na nazi hizo hizo, na faida ingekuwa mwanzo wa kununua baiskeli. Ujumbe wa Bi Mwanakombo aliufikisha usiku, sahani za chakula zilipokwisha kuoshwa.

"Mbona hukuniambia mapema?" mama aliuliza kwa mshangao.

"Nilisahau."

Ijumaa asubuhi Bi Mwanakombo alileta pesa nyumbani, na Bi Salma akazunguka soko lote. Alipata nazi chache, tena zilizopanda bei. Meza ya Mzee Kondo ilikuwa tupu, na mwenyewe hajafika. Mama Avelina peke yake ndiye aliyekuwa na fungu kubwa.

Rukaiya alifungua mdomo aseme habari ya Rangi Tatu, lakini mama yake hakumngoja. Alikuwa amevuka upande wa pili, khanga imemteleza begani.

"Mama Avelina! Mara ya kwanza nilinyamaza. Sasa umenunua mpaka za mwenyekiti? Mwanao kaipata wapi habari ya mteja wangu?"

"Mteja gani? Mie nina hizi hizi za juzi!"

"Redio Kongowe imeanza kusikiliza madirishani," mchukuzi mmoja alitania, na watu wakacheka.

Avelina alisimama. "Jana sikutoka kabisa. Mpira wa baiskeli umepasuka. Njooni nyumbani muone." Alimtazama Rukaiya. "Rukaiya, waambie. Si umeniona jana nimekuja shule kwa miguu?"

Kweli alimwona, tena alifurahi kumwona anatembea. Lakini Rukaiya alitazama chini.

Hapo Mzee Kondo akatokea, kikombe cha chai mkononi. Aliwasikiliza wote wakisema kwa pamoja, kisha akashangaa.

"Bi Salma, unatafuta nazi zangu? Si umezinunua wewe! Binti yako kazichukua jana jioni, akasema umemtuma."

Bi Salma aligeuka taratibu.

"Rukaiya. Nazi ziko wapi?"

"Kwenye... kwenye banda la kuku, mama." Machozi yakamtoka. Akasema yote, mpaka habari ya mwanamke wa Rangi Tatu ambaye hakuwapo.

Bi Mwanakombo alikuwa ameitwa na jirani mmoja ugomvi ulipoanza, akayasikia ya mwisho. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bi Salma, nitafute mtu mwingine wa kuninunulia?" Maneno hayo yalimchoma Rukaiya kuliko kofi, maana alijua ada yake ya shule ilitoka wapi.

Mzee Kondo aliweka kikombe chini. "Nazi zitoke bandani ziende kwa Bi Mwanakombo, kwa bei niliyouza jana. Asiongezewe hata senti. Bi Salma, wewe muombe radhi jirani yako."

Bi Salma aliomba radhi mbele ya watu wote, na Mama Avelina akampa mkono.

"Lakini babu," Rukaiya alisema kwa sauti ndogo, "Avelina naye si anawahi kujua kabla ya wenzake? Mbona yeye si kosa?"

Watu waliguna. Mzee Kondo hakukasirika. "Umeuliza vizuri. Avelina anakwenda kwa jasho lake, kwenye barabara ya wote, kuuliza habari isiyo siri. Sheria ya soko haimkatazi. Wewe umetumia neno ulilokabidhiwa ulifikishe, ukalitangulia ili mwenye neno aumie. Huo ni wizi, hata kama nazi umezilipia." Kisha akamgeukia Mama Avelina. "Ila na wewe nikwambie. Si kila kisichokatazwa ni uungwana. Jirani anakuuzia huku hajui lori limezama, nawe unajua, unacheka naye. Ungekuwa wewe ungependa?"

Mama Avelina alifikiri. "Nisingependa. Lakini mwanangu anachoka, mzee. Achoke bure?"

"Asichoke bure. Akirudi aitangaze habari hapa langoni, wote tusikie, ndipo biashara ianze. Na kila muuza nazi atampa nazi moja."

Walikubaliana hivyo. Bi Mwanakombo naye alikubali kumjaribu tena Bi Salma, kwa sharti kwamba Jumamosi alfajiri Rukaiya aje kukuna nazi za harusi mpaka ziishe.

Alikuna mpaka mikono ikamuuma. Bi Mwanakombo, akikamua tui kando yake, ndipo aliposema naye kwa upole.

"Mwenzio akikushinda mbio, mwanangu, wivu utakuja tu. Nami umenijia mara nyingi. Ukikufanya ukaze mwendo, umekufaa. Ukikufanya umuuze aliyekuamini, umekuangamiza. Mwendo unafundishika hata ukubwani, lakini uaminifu ukiupoteza, watu hawakupi tena neno la kupeleka."

"Utanituma tena lini, bibi?"

"Nitakapoona unaaminika." Akamsogezea nazi nyingine. "Leo endelea kukuna."