Nyuzi za Okbun na Harusi ya Mwanawe

Kila asubuhi Maeng Okbun alipanga mabakuli ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kwenye meza yake sokoni Daegu, Korea Kusini. Mikono yake ilikuwa hodari, na mdomo ulikuwa hodari zaidi. Wateja walikuja kununua mboga, wakaondoka wanacheka.

Lakini wiki hii Okbun hakutania mtu. Zilibaki siku kumi mwanawe, Seungho, aoe. Siku hiyo Okbun na mama wa bibi harusi wangetembea wameshikana mikono mbele ya wageni wote, kisha wawashe mishumaa. Mama yule alikuwa ameinua mashavu kwa nyuzi ambazo daktari huzipitisha chini ya ngozi ili kuivuta juu, akapendeza mno. Okbun naye alikwenda kwa daktari huyohuyo, akatiwa nyuzi za aina ileile. Wiki sita tu, mashavu yakaanza kushuka tena.

"Kesho narudi anitie nyingine," alimwambia jirani yake, Eunju. "Nisimame na yule kama shangazi yake? Sitaki!"

Eunju alikuwa muuguzi wa ngozi. Okbun alimheshimu sana, kwa sababu hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Eunju alimtazama uso taratibu.

"Mama Seungho, baada ya nyuzi ulikwenda sauna lini?"

"Siku ya tatu, na wenzangu, kama kawaida. Nikalala kwenye sakafu ya moto, nikatafuna ngisi mkavu. Msuguaji wa ngozi wa hapo sauna akanikanda mashavu barabara."

Eunju akashika kichwa. "Uzi unashikilia nyama ambayo haijapona, wewe unaivuta kwa ngisi! Hukuambiwa usubiri wiki kadhaa?"

"Nilipewa karatasi. Nikafunikia bakuli la kimchi."

Wakacheka wote wawili. Kisha Eunju akasema kwa upole:

"Lakini si ngisi peke yake. Mama wa bibi harusi ana miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Wewe una sitini na mbili. Ngozi yako imekaa juani sokoni miaka thelathini, na imelegea zaidi. Uzi una kiasi chake cha kuvuta. Wengine wana ngozi nyembamba, wengine mashavu mazito, wengine wanavuta sigara. Idadi ya nyuzi na mkono wa daktari navyo vina kazi yake. Na nyuzi hizi huyeyuka mwilini, kwa hiyo hata yeye hatabaki hivyo milele."

"Kwa hiyo nisirudi?"

"Rudi akupime, umweleze ukweli wote. Ila usitiwe uzi sasa. Utakwenda harusini umevimba."

Maneno hayo yalimuuma Okbun. Hata hivyo alikwenda, akasema yote, hata la ngisi. Daktari alikubaliana na Eunju.

Siku ya harusi alivaa hanbok ya buluu, vazi la jadi la Kikorea. Alitembea na mama wa bibi harusi, wakawasha mishumaa. Okbun alicheka kwa furaha mpaka mikunjo yote ya uso ikaonekana.

Baadaye Seungho alimwinamia. "Mama, leo umependeza."

"Acha uongo. Ni uso uleule wa sokoni."

"Nilipoingia ukumbini niliogopa," alisema Seungho. "Nikautafuta uso huohuo katikati ya watu wote. Nilipouona nikatulia."

Okbun akamkumbatia, akalia waziwazi, wala hakujali nani anatazama.