Dinari ya Bibi Tertula

Sikuyaona mimi, yalimkuta rafiki yangu Vopisko, hapa hapa Lanuvio, mchana kweupe. Shangazi yake Tertula alikuwa amefariki, naye Vopisko akapewa kazi ya kumtia mdomoni nauli ya kuvukia mto wa wafu. Marehemu alikuwa ameusia atiwe dinari yake ya fedha, yenye sura ya mungu wetu Juno aliyejifunika ngozi ya mbuzi, pembe utosini. Vopisko akaificha mkandani, akatwaa nyingine ya shaba iliyopakwa fedha, yenye Juno yuleyule.

"Akigundua je?" mkewe Prokula alinong'ona.

"Hiyo mpaka uing'ate ndiyo utajua. Maiti gani anang'ata sarafu, we mwanamke?"

Prokula akatoka. Vopisko akaipenyeza sarafu nyuma ya meno ya mbele, yale yenye mwanya, akafunga taya kwa kitambaa, mafundo mawili. Mara taa ikazimika. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Akapapasa ukuta akitafuta mlango.

Nyuma yake kitu kikalia: ka. Kimya. Kisha tena, taratibu: ka.

"Prokula, acha mchezo."

Mkewe aliitikia kutoka uani.

Wanawake walipoleta taa, kitambaa kilikuwa vilevile, na mafundo yake. Juu ya kifua cha marehemu ilikuwapo sarafu, imelowa. Vopisko akaisogeza kwenye mwanga. Shavuni mwa Juno fedha ilikuwa imebanduka, shaba nyekundu ikichungulia katika alama za meno mawili, na katikati yake mwanya.